Uzi: Viumbe "wanaosaidiana" porini hawapendani, wamebanana

Kichuguu

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna ile picha tuliyopewa tangu darasani: ndege yuko mgongoni mwa kifaru anamtoa kupe, ndege anashiba, kifaru anapona, mwalimu anafuta ubao. Tukaandika "kutegemeana" kwenye daftari, tukapigiwa tiki. Nimekuwa nikifuatilia mambo haya kwa mapenzi tu (si mtaalamu, msije mkaniuliza vyeti), na kadiri ninavyosoma ndivyo ile picha inavyonichekesha. Wengi wa hawa tunaoambiwa wanasaidiana wanadhulumiana kila wakipata upenyo. Ubia wao unadumu kwa sababu kila mmoja ana mahali pa kumbana mwenzake.

Tuanze na huyo huyo ndege, shashi. Mwaka 2000 mtafiti Paul Weeks alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Zimbabwe kwa ng'ombe wa shambani. Ng'ombe wengine walikingwa wasifikiwe na shashi, wengine wakaachwa kama walivyo. Ungetegemea wale waliokingwa wajae kupe. Wapi! Idadi ya kupe wakubwa haikutofautiana kitu. Kilichotofautiana ni vidonda: ng'ombe wenye ndege walikuwa navyo vingi zaidi, kwa sababu shashi anakidonoa kidonda kisifunge ili aendelee kunywa damu. Nta ya masikioni nayo anakula. Hata huyo kupe, anayempenda zaidi ni yule aliyekwisha kuvimba, na kupe akishavimba maana yake damu ya ng'ombe imeshaondoka, kilichobaki ni nani ainywe.

Sasa niambieni, huyo ni daktari au ni kupe mwenye mabawa?

---

Jongoo Mwendopole

"Kupe mwenye mabawa" 😂😂 Nimekaa siti ya mbele, endelea mkuu.

---

Bint Mgunga

Mkuu Kichuguu umeanza vizuri ila umekimbilia hukumu. Ng'ombe si kifaru.

Jiulize kwanza kwa nini Kiswahili kinamwita ndege huyo *askari wa kifaru* na si *daktari wa kifaru*. Mwaka 2020 Roan Plotz na Wayne Linklater walichapisha utafiti wa vifaru weusi wa hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Kifaru anasikia na kunusa vizuri, lakini macho yake ni duni sana. Wakawa wanamwendea kifaru kwa miguu, wakipima atashtuka wakiwa umbali gani. Kifaru asiye na ndege alimgundua mtu mara 23 tu katika kila 100, na mtu akiwa ameshafika mita 27. Mwenye ndege aligundua kila mara, mtu akiwa bado mita 61. Ndege akipiga ile kelele yake kifaru anainuka na kugeukia upande ambao upepo unaelekea, yaani upande ambao pua yake haiwezi kumsaidia. Ndege hamwambii adui yuko wapi. Anapiga king'ora tu, na kifaru anajua pa kutazama.

Kwa hiyo damu anayonyonywa huenda ndiyo mshahara wa mlinzi. Waliompa jina hilo zamani hawakuwa na kipimo cha mita, ila walikuwa na macho.

---

Kichuguu

Hapo umenishika, nakubali. Ila ona umenisaidia hoja: "mshahara wa mlinzi". Hesabu inategemea hali. Asiye na adui analipa mshahara wa bure, mwenye adui analipa kwa furaha.

Na kwa kuwa umejiita Bint Mgunga, acha niingie kwako moja kwa moja.

Kuna mgunga fulani wa nyanda zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao miiba yake imevimba chini kama vibuyu vidogo vyeusi. Upepo ukipita kwenye matundu ya vibuyu hivyo mti mzima unapiga mluzi. Ukivunja kibuyu kimoja unakuta chumba kitupu, na kwa sekunde mbili unadhani hakina kitu. Sekunde ya tatu sisimizi wameshafika kwenye kiwiko. Wanainua tumbo juu kama nge, na wanang'ata kisha hawaachii. Mti unawapa nyumba hizo na utomvu mtamu kwenye majani. Wao wanafukuza chochote kinachokuja kula. Tembo, mnyama wa tani kadhaa, anauacha mti huo akifikiria sisimizi ndani ya mkonga.

Hadi hapo ni darasani. Sasa sikieni. Huko Laikipia, Kenya, watafiti walizungushia uzio maeneo ya miti hii kuanzia 1995 ili tembo na twiga wasiingie. Baada ya miaka kumi wakalinganisha, matokeo yakatoka mwaka 2008. Mtu yeyote angesema miti isiyoliwa itanawiri. Ikawa kinyume. Mti uliona hakuna anayeuvamia, ukaanza kubana matumizi: vibuyu vikapungua, utomvu ukapungua. Sisimizi walinzi, njaa ilipowabana, wakaanza kufuga wadudu gamba wanaofyonza maji ya mti ili wapate utamu wao huko. Ukali ukaisha. Nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine ambao hawahitaji vibuyu kabisa, wanaishi kwenye mashimo yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakavu, na hao mbawakavu wanawakaribisha. Miti ikakua polepole, ikafa mara mbili ya ile iliyokuwa ikitafunwa nje ya uzio.

Yaani mti na mlinzi wake walikuwa wakishikamana kwa sababu ya tembo. Adui alipoondolewa, ndoa ikavunjika.

---

Nyundo ya Mwisho

Duh. Hii ni kama majirani wanaopendana wakati wa wizi tu. Wezi wakihama mtaa, kila mtu na geti lake.

Swali: mti "uliona" kwa macho gani? Naomba tusiutie mti akili.

---

Kichuguu

Haki yako mkuu, nimetumia lugha ya mkato. Mti hauoni. Jani likitafunwa, jeraha linabadilisha kemia ya mti, nao unatengeneza zaidi vitu vya kujilinda. Kukiwa hakuna jeraha miaka na miaka, chakula hicho kinakwenda kwingine.

---

Bint Mgunga

Kwa kuwa nimeitwa, niongeze mawili.

La kwanza, hata walinzi wenyewe si wa kuwaamini. Mgunga huo huo hukaliwa na aina nne za sisimizi, kila mti na wake, na wanapigania miti kama viwanja. Aina moja, ile yenye kichwa cheusi, ina tabia ya kukata vichipukizi na machipukizi ya maua. Inaupogoa mti usipanue matawi, kwa sababu tawi likigusa mti wa jirani ni daraja la adui. Mti uliokaliwa nao hauzai kitu. Ukiwaangalia kwa msimu mmoja utasema ni vimelea. Lakini Todd Palmer na wenzake walipopiga hesabu ya maisha yote ya mti (2010), walikuta mti unaopitia mikononi mwa wapangaji mbalimbali, hata huyo anayeuhasi, unaishia na watoto wengi kuliko ungekaa na mpangaji "mzuri" mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkata maua ni mlinzi hodari wakati mti ungali mdogo, wakati ambao kuzaa si shida kubwa, shida ni kutokufa.

La pili ni kisa kipya zaidi, cha mwaka 2024. Mwandishi wake wa kwanza ni Mkenya, Douglas Kamaru. Kuna sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa walioingia eneo hilo la Laikipia. Wanawaua sisimizi wa mgunga, wanakula hadi mayai na mabuu, halafu mti wenyewe hawaulindi. Tembo akajua. Kwenye maeneo yaliyovamiwa, miti inavunjwa mara tano hadi saba zaidi. Nyika ikawa wazi. Simba anamvizia pundamilia nyuma ya vichaka, vichaka vikiisha pundamilia anamwona mapema. Kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, na kufika 2020 wakawa asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo, nao wakafika asilimia 42.

Simba amebadilisha chakula kwa sababu ya mdudu ambaye hata hamjui.

---

Jongoo Mwendopole

Simba kuhamishwa kwenye pundamilia na sisimizi... na kumkamata nyati si kazi ya mchezo. Sisi jongoo tunaheshimiwa kidogo basi?

Halafu vipi yule ndege anayeingia mdomoni mwa mamba kumsafisha meno? Niliona picha yake.

---

Kichuguu

Hiyo ni chai mkuu. Herodoto, yule Mgiriki wa kale, aliandika habari hiyo karibu miaka 2,500 iliyopita na dunia nzima ikaibeba hivyo hivyo. Picha nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za kutengenezwa. Ndege huwakaribia mamba waliolala, ndiyo, ila ule ukliniki wa meno haujathibitishwa. Mamba anang'oka meno na kuota mengine maisha yake yote, haja ya mswaki iko wapi?

---

Mrina Mstaafu

Hodi humu ndani. Nimesoma yote kimya, ila mmefika kwenye ndege na mimi siwezi kukaa kimya.

Kama mnataka ubia wa kweli kati ya mnyama wa porini kabisa na binadamu, ni mlembe, ndege kiongozi wa asali. Si wa kufugwa, hajafundishwa na mtu. Anakujia mwenyewe, anachachatika juu ya tawi kama mtu anayetikisa kiberiti, anaruka mti wa mbele, anakungoja. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu anarudi kukufokea. Akifika penye nyuki ananyamaza. Unyamavu huo ndio anwani. Wewe unapanda na moshi na shoka, unachukua asali, yeye anabaki na masega. Anakula nta, jambo ambalo ndege wachache sana wanaliweza. Mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala mwaka 1588, aliandika juu ya ndege aliyekuwa akiingia kanisani kula mishumaa. Ndiye huyo.

Mlembe hawezi kufungua mzinga wenye nyuki wakali ndani ya gogo, na binadamu hajui gogo lipi. Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer waliwapima warina wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya (1989): bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, na ndege akiwepo saa 3.2.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wa kumwita: *brrr-hm*. Claire Spottiswoode na wenzake (2016) walipima kwa kupiga milio tofauti wakitembea msituni. Kwa mlio huo, nafasi ya kuongozwa na ndege iliruka kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili. Wahadzabe wa Tanzania hawapigi brrr-hm, wanapiga mluzi. Na mwaka 2023 ikaonekana kwamba mlembe wa kwa Wahadzabe anaitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao, na wa Niassa anaitikia zaidi ule wa Kiyao. Ndege anajifunza lugha ya wenyeji wake! Na hafundishwi na mzazi, kwa sababu hakulelewa na mzazi wake.

Hapo sasa ndipo Kichuguu atafurahi. Mlembe anataga kwenye viota vya wenzake, kwa mfano keremkerem. Kifaranga wake anaanguliwa kipofu, hana unyoya, lakini ncha ya mdomo ina ndoana mbili kali. Anawang'ata watoto wa mwenye nyumba gizani mle hadi wafe, kisha analishwa peke yake. Ndege yule yule. Kwangu ni rafiki wa kazi, kwa keremkerem ni muuaji.

---

Nyundo ya Mwisho

Mzee Mrina shikamoo. Na nyegere je? Tunaambiwa ndege huyo anamwongoza na nyegere pia.

---

Mrina Mstaafu

Marahaba mwanangu. Mimi sijawahi kuona. Na mwaka 2023 watafiti waliwauliza warina karibu 400 katika nchi tisa za Afrika. Wengi sana hawakuamini. Ila Wahadzabe walio wengi waliohojiwa walisema wamewaona pamoja. Siwezi kuwaita waongo watu wanaoishi porini kila siku kuliko mimi. Huenda kuna sehemu jambo hilo lipo na sehemu halipo.

---

Mwambani

Mmekaa nchi kavu mno. Baharini kuna kesi ambayo ni mahakama kamili.

Kwenye miamba ya matumbawe kuna samaki mdogo kama kidole, wa rangi ya buluu na mstari mweusi ubavuni. Ana kituo chake maalumu. Samaki wengine wanakuja, wanapanga foleni, wanampanulia matamvua, naye anaingia hadi mdomoni mwa chewa. Alexandra Grutter alihesabu huko Australia: msafishaji mmoja anakula vimelea kama 1,200 kwa siku.

Tatizo ni kwamba msafishaji hapendi vimelea. Anapenda ute unaofunika ngozi ya mteja, na ute huo mteja anauhitaji. Kwa hiyo anafanya kazi huku mate yanamtoka akitamani kuiba. Akiiba, mteja anatikisika kama aliyechomwa sindano, halafu anamkimbiza au anaondoka. Redouan Bshary na Grutter walionyesha (2006) kwamba wateja wanaongoja hutazama yule aliye mbele yao anahudumiwaje, na msafishaji akitazamwa anakuwa mpole. Mteja mla samaki haibiwi ovyo, kwa sababu inayoeleweka. Wakiwa wawili, dume na jike, na jike akamng'ata mteja akakimbia, dume anamkimbiza jike. Usidhani anamtetea mteja. Jike amemfukuzia chakula.

Na kuna tapeli: samaki mwingine kabisa anayefanana na msafishaji kwa rangi na kwa kucheza. Mteja anatulia, tapeli anakata kipande cha pezi, kwaheri.

---

Jongoo Mwendopole

Tapeli mwenye sare ya kazi. Uzi huu unanifundisha maisha kuliko nilivyotaka.

---

Kichuguu

Mwambani asante, hiyo ndiyo hoja yangu kwa mfano mmoja.

Nimalizie yangu na mkuyu. Tunda la mkuyu si tunda kama tunavyolifikiria, ni mfuko uliojifunga wenye mamia ya maua madogo kwa ndani. Kuna tundu moja la kuingilia, nalo limefungwa kwa magamba yaliyolaliana. Nyigu jike, urefu wa milimita mbili hivi, anajisukuma kupita hapo. Anapita kwa kujibana hivi kwamba mabawa yanakatika yabaki mlangoni. Hatatoka tena. Ndani anapachika chavua kwenye maua na kutaga kwenye baadhi yake, anakufa. Watoto wake wa kiume wanaanguliwa kwanza, hawana mabawa, wanawapanda dada zao wangali ndani ya vifuko vyao, kisha kwa meno wanachimba njia ya kutokea nje. Wao wenyewe hawaitumii hiyo njia kwenda kokote, kazi yao inaishia hapo. Majike wanabeba chavua na kuondoka, na mwenye bahati atapata mkuyu mwingine ndani ya siku moja au mbili kabla hajafa.

Vipi jike akiingia bila chavua, akataga tu? Huko Panama, Charlotte Jandér na Allen Herre waliwaingiza nyigu wasio na chavua kwenye matunda ya mikuyu ya aina mbalimbali (2010). Katika aina ambazo nyigu hupachika chavua kwa makusudi, mti mara nyingi uliangusha matunda hayo yakiwa machanga, na watoto wa nyigu ndani yake.

---

Nyundo ya Mwisho

Subiri kidogo. Kwa hiyo tunda hilo likiliwa, nyigu naye kaliwa?

---

Kichuguu

Tini nyingi zinazolimwa ni za aina isiyohitaji nyigu kabisa. Za porini, ndiyo, nyigu aliyefia ndani yumo, ila sehemu kubwa humeng'enywa na vimeng'enya vya tunda lenyewe. Kula kwa amani.

---

Bint Mgunga

Kabla hatujafunga, msisahau vilivyo chini ya miguu. Mkunde, mharage, msoya, yote ina vinundu kwenye mizizi, ndani yake wanaishi bakteria wanaoigeuza nitrojeni ya hewani kuwa mbolea. Mmea unawalipa sukari. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake waliviweka vinundu vya soya kwenye hewa ambayo nitrojeni yake ilibadilishwa na gesi nyingine, agoni, yaani bakteria walikuwa hai ila hawana cha kugeuza. Mmea ukawapunguzia oksijeni, na uzazi wao ukashuka kama nusu. Haukujali kama kosa ni lao au la. Hakuna kazi, hakuna hewa.

Ng'oa mmoja uone mwenyewe. Pasua kinundu kwa ukucha: ndani ni chekundu kama nyama, kwa sababu kina kitu kinachofanana na hemoglobini ya damu yetu.

---

Nyundo ya Mwisho

Nimerudi. Nimeng'oa mkunde. Vinundu vipo, vidogo kama vichwa vya pini, lakini nimepasua vinne na vyote ni vyeupe. Hakuna nyama hapa.

---

Bint Mgunga

Mkunde una majani mangapi?

---

Nyundo ya Mwisho

Matatu ya kwanza ndiyo yamefunguka juzi.

---

Bint Mgunga

Umewaamsha watoto mkuu 😄 Bado hawajaanza kazi. Ngoja mimea mingine ianze kutoa maua, na safari hii usivute. Chimba pembeni, inua na bonge la udongo, lioshe taratibu kwenye ndoo, la sivyo vinundu vyote vinabaki ardhini. Vikiwa vyeupe hata wakati huo, basi hao ni wale wanaokula bure. Vikiwa vya kijani, wamezeeka. Ukivikuta vyekundu, tupia picha hapa.